Linazima Sachangwan, linawaka Nakuru: Nani alipie msako wa hitilafu ya umeme?

Jioni, gari linapanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, gia ya pili, nyuma ya trela lililosheheni. Karibu na Sachangwan taa za dashibodi zinawaka zote kwa mpigo, mshale wa kasi unalala, injini inazima. Dereva analivuta pembeni, anangoja kama dakika kumi kwenye ukungu, anazungusha ufunguo, na gari linanguruma kana kwamba halikuwahi kuugua. Kesho yake linafikishwa kwenye karakana ya wakala wa kampuni ya magari mjini Nakuru, Kenya. Linaunganishwa na kompyuta, linazungushwa mitaani, halizimi hata mara moja. Mwenyewe anakabidhiwa ankara: sensa mpya, saa kadhaa za kazi, na sentensi moja kwamba hitilafu haikujitokeza. Wiki haijaisha, gari linazima tena mlimani.

Kisa cha namna hii hakihitaji jina la mtu wala la kampuni, kwa maana kinatokea kila penye magari ya kisasa. Aliyelipa anaamini ameibiwa. Fundi anaamini ametukanwa, kwa kuwa alitumia muda wake wa kweli na akafuata alichoonyeshwa na kompyuta. Wote wawili wana haki ya kukasirika, lakini wanagombania jambo lisilo lenyewe. Wanabishana kuhusu bei, ilhali kilichoharibika mapema zaidi ni makubaliano: hakuna aliyesema waziwazi ni kitu gani kinauzwa. Hoja ya makala haya ni kwamba hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka ihesabiwe kuwa kazi mbili, zenye bei mbili. Kwanza ni msako, na huo ulipiwe hata ukikosa jibu. Pili ni ukarabati, na huo usilipishwe mpaka hitilafu iwe imethibitishwa. Kinachotuumiza ni mchanganyiko wa hivyo viwili, yaani kubahatisha kunakouzwa kwa bei ya uhakika.

Mlima unavyofichua kilichofichika

Si bahati mbaya kwamba gari hulemewa Sachangwan na kupona Nakuru. Mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mau Summit ipo zaidi ya mita 2,400. Katikati yake gari hupanda kwa gia nzito, hewa ikipita kidogo kwenye boneti na joto likikusanyika. Kila sehemu ya umeme iliyo karibu na injini hutanuka. Sensa ya kuhesabu mizunguko ya injini, kwa mfano, katika magari mengi huwa na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Ukiwa na ufa, joto huufungua na mawasiliano hukatika, injini huzima kwa sababu kompyuta haijui tena wakati wa kurusha cheche. Ukipoa, ufa hujifunga na gari huwaka. Ongeza hapo ukungu na manyunyu ya upande wa Molo, vumbi la bonde la Nakuru linaloingia kwenye soketi, na mtikisiko wa barabara inayobeba malori ya kwenda Uganda na Kongo usiku na mchana. Karakana ya mjini, yenye sakafu tambarare na gari lililopoa, imeondoa masharti yote yaliyoileta hitilafu. Kutafuta hapo ni kumpima mgonjwa wa homa saa ambayo homa imeshuka.

Hata mita ya umeme inaweza kudanganya ikitumiwa vibaya. Waya mmoja huwa na nyuzi nyingi ndogo za shaba. Zikikatika zote isipokuwa moja, mita inayopima ukinzani itasema waya ni mzima, kwa kuwa mita yenyewe hupitisha umeme kidogo mno. Mwambie waya huohuo ubebe mzigo wa pampu ya mafuta, na utashindwa. Vivyo hivyo kwa waya wa ethi, ule unaofunga bodi ya gari na injini kwenye upande hasi wa betri. Stata inaweza kuvuta ampea 150 au zaidi. Kutu yenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, katika ampea hizo, humeza volti moja na nusu. Betri ni nzima, stata ni nzima, alteneta ni nzima, na gari haliwaki. Kipimo cha haki hapa ni kuangalia volti zinazopotea njiani wakati mzigo unafanya kazi, na kazi hiyo inahitaji muda, mchoro wa nyaya na mtu anayejua anachokitafuta.

> Sehemu moja ya mia ya omu kwenye waya wa ethi inatosha kumfanya mtu anunue betri, stata na alteneta asizozihitaji.

Kompyuta inashuhudia, haihukumu

Imani kubwa inayowapotosha wenye magari, na mafundi wengi pia, ni kwamba kompyuta ya kupimia itataja kilichoharibika. Haitaji. Msimbo P0335, mashuhuri katika magari yanayozima ghafla, unahusu saketi ya sensa ya mizunguko ya injini. Saketi ni sensa yenyewe, nyaya zake, soketi zake, na hata kompyuta iliyo upande wa pili. Anayesoma P0335 na kuagiza sensa papo hapo amechagua mshukiwa mmoja kati ya wanne bila kuwahoji watatu waliobaki. Mara nyingine atapatia, na hapo ndipo tabia inapoota mizizi.

Taa nyingi zikiwaka pamoja, kishawishi cha kubahatisha huwa kikubwa zaidi. Tangu kampuni ya Bosch ilipotangaza mfumo wake wa mawasiliano wa CAN mwaka 1986, kompyuta za gari zimekuwa zikizungumza kupitia jozi ya nyaya zilizosokotwa. Kompyuta ya breki, ya usukani, ya gia na ya injini hutegemeana. Mojawapo ikikosa ethi kwa nusu sekunde, nyingine zote huandika kwamba mwenzao amenyamaza. Mtu asiyejua husoma hapo magonjwa mengi. Mjuzi hujiuliza kompyuta hizo zinashirikiana nini: ethi ipi, fyuzi ipi, soketi ipi. Kuna kipimo rahisi cha kuanzia: gari likiwa limezimwa, ukinzani kati ya nyaya hizo mbili hutakiwa kuwa karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho una kizuizi cha omu 120. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ni kazi ya dakika chache, na inaweza kuzuia ununuzi wa kompyuta nzima.

Halafu kuna ushahidi unaofutwa na mafundi wenyewe. Msimbo ukiingia, kompyuta huhifadhi pia picha ya hali ilivyokuwa: joto la injini, mizunguko, kasi ya gari, mzigo. Kwa hitilafu ya kuja na kuondoka, picha hiyo ndiyo karibu shahidi pekee. Lakini desturi katika gereji nyingi ni kufuta misimbo kwanza ili kuona kama itarudi, au kuchomoa betri ili kompyuta isahau. Gari linatoka likiwa halina taa dashibodini, mwenyewe anafurahi, na ushahidi umetupwa. Kufuta misimbo kabla ya kuinakili kunapaswa kuhesabiwa kosa la kikazi, na mteja awe na haki ya kukataa kulipia saa iliyotumika hivyo.

Nyaya zilizoongezwa baadaye

Kenya ina sababu zake za ziada. Magari mengi ya hapa yaliingia yakiwa yametumika Japani, chini ya kanuni inayokataza yaliyozidi umri wa miaka 8. Yakifika, huanza kukatwakatwa nyaya. Benki au bima inataka kifaa cha kufuatilia gari. Mwenyewe anataka king'ora na redio kubwa. Matatu na magari ya mizigo yanalazimika kuwa na kidhibiti mwendo, sharti lililoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki. Kila kifaa cha aina hiyo huunganishwa kwa kuchuna waya wa asili na kuukunjia mwingine juu yake, mara nyingi kwa utepe wa plastiki badala ya risasi na kifuniko cha joto. Vingine vimefungwa makusudi kwenye saketi ya kuzima injini, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Kiungo kikilegea kwenye baridi ya Molo, gari huzima sawasawa na ambavyo lingeamriwa kuzima na kifaa cha kuzuia wizi.

Sisemi vifaa hivyo viondolewe. Kidhibiti mwendo kina kazi ya kuokoa maisha. Nasema mchoro wa kiwandani hauvionyeshi. Fundi wa wakala anafuata mchoro ambao si wa gari lililo mbele yake, na mwenye gari anaona haya au anasahau kusema kwamba alteneta ilibadilishwa, kwamba injini ilioshwa kwa maji ya presha wiki iliyopita, kwamba gari lililala shambani ambako panya wanapenda boneti yenye joto. Mwenye gari anayeficha historia ananunua saa za ziada za msako kwa fedha za mfukoni mwake mwenyewe.

Ankara ifungwe katika sehemu mbili

Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, karakana inatoza shilingi 2,500 kwa saa. Msako wa saa sita unafika 15,000. Mwenye gari anashtuka: elfu kumi na tano, na hakuna kipuri? Anakataa, anakwenda kwingine, ananunua sensa ya 8,000, kisha pampu ya 14,000, kisha kompyuta iliyotumika ya 25,000. Ametumia 47,000, gari bado linazima, na sasa lina vipuri vitatu visivyojulikana historia yake, kila kimoja kikiweza kuleta hitilafu yake. Ubahatishaji unaonekana rahisi kwa sababu unalipwa vipande vipande na kila malipo huacha kitu cha kushika mkononi.

Karakana nazo zinajua hivyo, ndiyo maana zinaficha gharama ya msako ndani ya bei ya kipuri. Huo ni mpango mbovu kwa wote. Fundi hodari aliyegundua ethi yenye kutu kwa saa nne na kuisafisha kwa msasa wa shilingi hamsini anaonekana hajafanya kitu, na aliyebadilisha sehemu tatu anaonekana mchapakazi. Ankara inayotenganisha msako na ukarabati humlipa yule wa kwanza anachostahili. Nayo iandamane na taarifa: vipimo vilivyofanywa, namba zilizosomwa, gari lilikuwa moto au baridi, mizigo ipi iliwashwa, vitu gani vimeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Taarifa inayosema vitu kumi si wakosaji ina thamani hata kama mkosaji hajapatikana, kwa kuwa fundi anayefuata hataanza upya.

> Msako ulipiwe hata ukikosa jibu. Kipuri kisilipiwe mpaka kosa lithibitishwe.

Wakala atajibu kwamba kubadilisha kipuri ni njia halali ya kuchunguza. Ni kweli, na hutumika duniani kote: fundi huchomoa rilei ya honi, huiweka mahali pa rilei ya pampu, huona kama tatizo limehama. Lakini kujaribisha si kuuza. Kipuri kilichojaribishwa kisiponye, kiondolewe na bei yake ifutwe. Wakala ataongeza kwamba sehemu za kielektroniki hazirudishwi stoo zikishafungwa, na baadhi hufungamanishwa na gari kwa programu. Nakubali, na ndiyo sababu nzito zaidi ya kutozifunga kabla ya uthibitisho. Hatari ya kukisia ibebwe na anayekisia, isipokuwa mteja ameandika kwamba ameambiwa ni kisio na amekubali.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mwenye gari wa kipato cha kawaida. Kwa wakala hakwendeki, atasema, na fundi wa jua kali amelitengeneza gari hili miaka yote. Hapo nampa nusu ya haki. Karakana ya wakala imepangwa kwa kazi za udhamini: kipande kikiharibika, hutolewa kizima na kuwekwa kingine. Fundi wa waya wa pale Molo au Nakuru, aliyezoea kufuata waya mmoja kutoka betri hadi taa ya nyuma, mara nyingi ana mikono bora zaidi ya kurekebisha kiungo. Asichokuwa nacho ni mchoro wa kiwandani, programu halisi na takwimu za kulinganishia. Kwa hiyo ipo mantiki katika kununua ujuzi kwa mmoja na mikono kwa mwingine: wakala afanye msako na kutoa taarifa iliyoandikwa, fundi wa waya afanye ukarabati kwa kuifuata. Mawakala wengi hawaupendi utaratibu huo kwa kuhofia lawama za kazi wasiyoifanya, lakini taarifa yenye tarehe, namba na saini ndiyo inayowakinga.

Na mwenye matatu asiyeweza kuliacha gari wiki nzima? Huyu ana njia nzuri kuliko anavyodhani. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kompyuta, kikiunganishwa na simu, kinaweza kurekodi volti, joto na mizunguko gari likiwa kazini, hivyo mlima wenyewe ukafanya uchunguzi. Daftari la dereva nalo halina mpinzani: saa, mahali, mvua au jua, tangi lina mafuta kiasi gani, taa zilikuwa zimewashwa, ni shimo gani limepitwa. Mistari kumi ya namna hiyo huokoa saa nyingi. Sharti ni moja: gari linalozima injini likiwa mwendoni halipaswi kubeba abiria kwenye mteremko huu huku likichunguzwa.

Kuzima si usumbufu

Barabara ya Salgaa, Sachangwan, Migaa hadi Mau Summit imezika watu wengi. Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliungua Sachangwan lori la mafuta lililopinduka liliposhika moto. Desemba 31, 2017, zaidi ya 30 walikufa Migaa basi na lori vilipogongana. Misiba hiyo ilikuwa na sababu zake nyingine, na haifai kuibebesha nyaya. Lakini inaonyesha ni barabara gani hii ambapo injini inaweza kunyamaza. Gari dogo likizima kwenye mteremko, usukani huwa mzito na nguvu za breki hubaki za kukanyaga mara chache tu. Lori likizima hupoteza breki ya injini, na pampu inayojaza hewa ya breki husimama. Madereva wanaoshusha kwa gia huru ili kubana mafuta huingia kwenye hali hiyo kwa hiari. Mwenye hitilafu ya umeme huingizwa bila kuulizwa.

Dunia ina somo lake kubwa katika hili. Kampuni ya General Motors ilitumia swichi dhaifu ya ufunguo kwenye magari madogo kama Chevrolet Cobalt. Funguo nzito au shimo la barabarani viliweza kuiteremsha swichi, injini ikazima na mifuko ya hewa ikakosa umeme. Malalamiko yalianza miaka mingi kabla ya hatua kuchukuliwa. Desemba 2005 mawakala walipewa waraka wa kuwashauri wateja wapunguze vitu kwenye funguo. Ndani ya kampuni, kuzima kwa gari barabarani kuliwekwa kwenye kundi la kero za mteja, si la usalama. Swichi ilibadilishwa mwaka 2006 bila kubadilishiwa namba ya kipuri, hivyo mtu aliyelinganisha ya zamani na mpya kwa karatasi hakuona tofauti. Magari takriban milioni 2.6 yaliitwa kurekebishwa mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Ilifika hapo kwa sababu kila kisa kilitazamwa peke yake, kikakosa kujirudia karakanani, kikafungwa. Laiti mawakala wangelazimika kuandika kila gari lililodaiwa kuzima, hata lisipozima mbele yao, hesabu ingejumlishwa mapema.

> Gari lililokataa kuzima mbele ya fundi liandikwe vilevile kama lililozima.

Ndivyo ilivyo hapa kwetu pia. Ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria na mizigo chini ya mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, hulitazama gari kwa dakika chache likiwa limesimama. Breki, taa, matairi na chesisi huonekana. Waya unaokatika kwa joto hauonekani. Rekodi za karakana zingeziba pengo hilo, kama karakana zingekuwa na desturi ya kuziandika na wenye magari wakawa na desturi ya kuzidai.

Sheria ipo, inangoja kutumiwa

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili na ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidi alicholipia. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inamtaka mtengenezaji atoe makadirio kabla ya kutoza, inamzuia kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10, na ada ya kufanya makadirio hairuhusiwi kutozwa kama mteja hakuambiwa mapema kwamba ipo na ni kiasi gani. Wachache wanaosimama kwenye kaunta ya karakana wanajua hivyo, na karakana chache zimebandika ukutani.

Kuna watakaosema sheria haitasaidia kwa hitilafu isiyotabirika, kwani nani awezaye kukadiria msako usiojulikana mwisho? Lakini makadirio hayahitaji kutabiri jibu. Yanahitaji kuweka mpaka: saa tatu za mwanzo kwa bei hii, vipimo hivi, kisha simu kwa mwenye gari kabla ya saa ya nne. Yeye ndiye ataamua kuendelea au kusimama, akiwa na taarifa mkononi. Ikitokea mzozo, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na iliyopo Nakuru, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na uamuzi unatakiwa ndani ya siku 60. Atakachoulizwa mlalamishi huko ni makadirio yaliyotiwa saini, nakala ya misimbo kabla haijafutwa, na kipuri cha zamani kilichotolewa. Vyote vitatu huombwa siku gari linapopokelewa, kabla boneti haijafunguliwa.